Asante Isiyofika: Kisa cha Usiku wa Mvua Ghalani Mtwara

Karani wa mizani alinionyesha kanga kwanza, cheti baadaye. Aliitoa mkobani ikiwa doti nzima, haijakatwa wala kupindwa, bado inanuka duka. Akaikunjua magotini, akaweka kidole palipoandikwa.

"Soma mwenyewe, mwanangu."

Nikasoma: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

"Hiyo ndiyo shukrani ya ofisi," akasema. "Sasa nikijifunga nikaja nayo hapa uwanjani, nitakuwa namwambia nani?"

Mwanamke wa pwani huisoma kanga kabla ya kutazama rangi. Meneja wake hakuisoma. Alimtuma dereva sokoni na maagizo mawili, iwe nzuri na isiwe ghali, na dereva akachagua bluu iliyokoza.

Nilikuwa nimeitwa pale kwa jambo jingine. Ni ghala la korosho, nje kidogo ya mji wa Mtwara, jina nalihifadhi. Meneja alinipigia mwishoni mwa Januari akilalamika kwamba watu wake wamekuwa "wazito": wakipigiwa simu usiku hawapokei, na mvua ya wiki iliyopita imemlowanishia magunia 19. Mimi kazi yangu ni kuzunguka kwenye vyama vya ushirika na maghala ya huku kusini, kutazama mikataba, posho na magomvi ya kazini. Nilidhani nakwenda kukuta ugomvi wa posho. Posho ilikuwamo, ila haikuwa peke yake.

Usiku wenyewe

Kwa asiyejua mambo ya korosho: mkulima wa Mtwara hauzi korosho ghafi mkononi mwa mnunuzi. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, anapeleka mzigo chama cha msingi, yaani AMCOS, chama kinausafirisha hadi ghala kuu, ghala linapima na kutoa stakabadhi, kisha mzigo unasubiri mnada. Muda wote huo korosho si mali ya ghala. Ghala limeaminiwa tu, na mzigo ukipungua au ukiharibika lazima lijieleze. Korosho ikilowana inashika ukungu, kiini kinabadilika rangi, daraja linashuka. Na kalenda haina huruma: minada huanza kuchangamka Oktoba, mvua za kusini nazo huanza kushuka kati ya Novemba na Desemba, wakati ambapo ghala limejaa mpaka mlangoni.

Desemba iliyotangulia simu ile ya meneja, ghala lilijaa likamwagika. Magunia 340 ya kilo 80, zaidi ya tani 27, yalikuwa nje juu ya chaga za mbao, yamefunikwa maturubai, yakisubiri malori ya mnunuzi yapunguze mzigo wa ndani. Saa 8 usiku mlinzi, mzee wa miaka sitini na ushei, alihisi upepo wa kaskazi umekata ghafla na joto limetanda kama blanketi. Akampigia meneja, simu imezimwa. Akampigia karani wa mizani aliyekuwa amelala kwake Mikindani, kilomita kama 10 kutoka pale. Vocha yake mwenyewe. Karani akatafuta bodaboda, na njiani akawa anawaamsha makuli mmoja baada ya mwingine. Walikuja sita.

Matone ya kwanza yalipoanguka, saa 9 na nusu hivi, walikuwa wameshabeba magunia 112 hadi upenuni mwa ofisi na kwenye kijikorido cha kwenda chooni. Yaliyobaki waliyafunga upya. Upepo uliporudi ulikuja na nguvu, kamba mbili zikakatika, ikabidi wazishike pembe za turubai kwa mikono mpaka alfajiri. Mmoja aliteleza kwenye chaga akaangukia bega.

Halikulowana hata gunia moja.

Asante tatu

Meneja alifika saa 1 asubuhi. Watu walikuwa wamekaa juu ya chaga, nguo zimewagandia mwilini, tope hadi magotini. Gari lilipita katikati yao, vioo juu, likaegeshwa mbele ya ofisi. Akaingia ndani, akafunga mlango. Baada ya dakika ishirini kundi la WhatsApp la ofisi likapokea ujumbe: "Ahsanteni sana timu kwa kujituma. Mungu awabariki." Na viganja viwili vilivyounganishwa.

Makuli hawamo kwenye kundi hilo. Mlinzi hayumo pia. Simu yake ni kitochi. Karani aliuona ujumbe saa 4, akiwa kwenye mizani amevaa nguo za kuazima.

Asante ya pili ilitolewa kwenye kikao cha kufunga mwaka, ndani ya ofisi, kwa sentensi moja: "Nawashukuru wote kwa ushirikiano." Makuli wakati huo walikuwa nje wanashusha lori. Ya tatu ilikuwa siku hiyohiyo, nje uwanjani: karani akaitwa mbele, akapewa cheti, bahasha ya shilingi 50,000 na ile kanga. Cheti kimeandikwa "kwa utendaji bora na kujituma kazini". Picha ikapigwa.

Kwa hesabu ya meneja amewashukuru mara tatu. Aliniambia huku amenyoosha vidole: "Mara tatu, kaka. Halafu Januari mvua inakuja, namwita karani, hapatikani. Makuli wawili wanapokea, wanasema tunakuja, hawaji. Hizi si fadhila za punda?"

Nilimwambia tumwache punda kwanza, tuwaulize watu.

Waliyoyasema

Karani hakuwa na hasira na fedha. Alichosema ni hiki: "Cheti hiki hata angepewa mtu wa mwaka juzi. Kinasema utendaji bora. Utendaji gani? Usiku ule haumo humu." Halafu akaongeza la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: yeye hakubeba gunia. Alipiga simu, akamulika tochi, akahesabu. Waliobeba walimwona anaitwa mbele peke yake, anapigwa picha, anatoka na mfuko. Kesho yake mmoja akamtania, "Mama, usiku ule kumbe ulikuwa peke yako?" Alicheka, lakini utani wa namna hiyo mtu hausahau. Kanga ingeumalizia. Angejifunga ile doti na maandishi yale, angekuwa amejibu makuli sita kwa kijembe ambacho hakukitunga yeye.

Makuli walikuwa na hoja ya daftari. Wao hulipwa kwa gunia linaloshuka kwenye lori au kupanda. Magunia 112 waliyoyabeba usiku ule hayakuandikwa popote kwa sababu hayakutoka kwenye lori lolote. "Gunia la usiku halina lori," alisema kiongozi wao, na wenzake wakacheka kicheko kikavu. Nilipomuuliza kama wangependa kuambiwa asante, alinitazama kama mtu anayesikia swali la kitoto.

"Sisi wenyewe hatuambiani asante. Mwenzangu akinitwisha, nami namtwisha. Basi."

Hapo alinigusa, maana kuna utafiti unaosema vilevile. Mwaka 2018 Simeon Floyd na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya kila siku katika lugha nane za mabara matano, mojawapo ikiwa Kisiwu cha nchini Ghana. Waliangalia mtu anapoomba kitu kwa mwenzake na kupewa: anasema asante? Mara chache mno, kama mara 1 katika 20. Kuombana na kupeana ndiyo maisha. Anayepewa anachukua na kuendelea. Waingereza na Waitalia walizidi kidogo, nao bado hawakufikia nusu. Kwa hiyo kuli wa Mtwara anayesema "hatuambiani asante" hana upungufu wa adabu. Anaeleza mambo yalivyo kati ya walio sawa.

Lakini hakuishia hapo. "Ila bosi si mwenzangu. Mimi nimekaa pale nimelowa, yeye anapita na gari. Ashushe kioo, aseme hata poleni. Poleni tu. Anaona tope hili, haoni?"

Poleni. Niliporudi kwenye daftari langu jioni ile nilikuta neno hilo limesemwa na watu wanne kati ya wanane, na hakuna aliyelisikia kwa mwenzake. Sisi tunaoandika semina za kazini tumelisahau kwa sababu halifanani na yale yaliyomo kwenye miongozo. Mtu akikukuta unalima, unafua, unapanga magunia, hakuambii asante. Hana cha kukushukuru, hukumfanyia yeye. Anakwambia "pole na kazi". Neno hilo halidai kwamba umemnufaisha. Linasema: nimeona kwamba unachoka. Na kwa mtu aliyeshika pembe ya turubai masaa mawili, kuonwa kunatangulia kushukuriwa. Meneja aliruka hatua. Alipeleka asante kwa watu ambao bado hawajapewa pole, na wakaisikia kama mtu anavyosikia "karibu tena" kwenye duka ambalo muuzaji hakumwitikia hata salamu.

Mzee mlinzi nilimwacha wa mwisho kwa sababu hakuna aliyemtaja. Meneja nilipomuuliza alishangaa kweli: "Mlinzi? Si ndiyo kazi yake?" Karani naye alimshukuru Mungu kwamba aliamshwa, hakusema na nani.

Mzee alinikaribisha kwenye kibanda cha getini, akanipisha kiti chake. Akanisimulia kwa utaratibu: upepo ulivyokata, mbu walivyoshuka, jinsi alivyotoka akasimama katikati ya uwanja kusikiliza upande wa bahari. Mwaka mmoja wa ujana wake alipoteza ufuta wa shamba zima kwa mvua ya namna ile. Nikamuuliza alitaka nini kwa ofisi. Alifikiri sana.

"Angeniuliza tu. 'Mzee, ulijuaje?'"

Neno asante tumelitoa kwenye Kiarabu, ahsanta, yaani "umefanya vyema". Kwa asili ni hukumu juu ya tendo, na anayetoa hukumu ni lazima awe amelitazama tendo lenyewe. Mzee bila kujua Kiarabu alikuwa anaidai asante kwa maana yake ya kwanza: aje mtu aangalie nilichofanya, aone kwamba kilikuwa kigumu. Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu hii alisema mzee anataka sifa. Sikubaliani. Anayetaka sifa hujisifu, na mzee alikaa wiki sita kimya getini.

Upande wa meneja

Ningeishia hapo meneja angeonekana mtu wa vioo vya gari tu, na hivyo sivyo alivyo.

Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ametoka mkoa mwingine, huo ukiwa msimu wake wa pili. Usiku ule alizima simu kwa sababu alitoka bandarini usiku wa manane na alikuwa hajalala siku mbili. Aliamka saa 12, akawasha simu, akakuta alivyopigiwa, akaendesha gari akiamini tani 27 zimekwisha. Alipoingia getini akaona maturubai yamesimama, akaona watu. "Kaka, nilitaka kulia. Ningeshuka pale ningelia mbele yao. Nikasema niingie ndani kwanza." Ndani akawapigia viongozi wa chama kikuu cha ushirika, kisha akaandika ule ujumbe. Aliuandika mara nne akiufuta, akihofia ukiwa mrefu ataonekana anajipendekeza, au anakiri kwamba alikuwa amezima simu.

Amit Kumar na Nicholas Epley, watafiti wa Marekani, waliwahi kuwaomba watu waandike barua za shukrani na kukisia zitakavyopokelewa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yalionyesha waandishi wanakosea kwa mwelekeo mmoja: wanadhani mpokeaji ataona soni kuliko anavyoona kweli, na wanapunja furaha atakayoipata. Wanahangaika na uzuri wa maneno wakati mpokeaji anatazama moyo uliomo. Meneja wetu ni mfano halisi. Alichokiogopa, kulia mbele ya makuli, kingekuwa ndiyo asante kubwa kuliko zote ambazo ghala lile limewahi kuona. Uwanjani walijua vioo viko juu. Hawakujua nyuma ya vioo kuna nini.

Kulikuwa na jambo jingine pia, alilorithi kwa bosi wake wa zamani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Aliamini kusifia kila mtu ni kuharibu kazi, hivyo asifiwe mmoja, wengine waone wivu wajitahidi. Nikamuuliza: na mgema asiyesifiwa kabisa, anaendelea kumpandia nani mnazi? Hakujibu, akaita chai.

Lazima nikiri kosa langu hapa. Siku ya kwanza, kabla sijasikiliza vizuri, nami nilipendekeza ubao wa mfanyakazi bora wa mwezi, wenye picha. Karani aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta.

Deni kabla ya shukrani

Wanaopenda kuhubiri shukrani kazini hutaja jaribio la Adam Grant na Francesca Gino la mwaka 2010. Wanafunzi walimsaidia mwenzao kurekebisha barua ya kuombea kazi. Waliojibiwa kwa ujumbe mkavu, asilimia 32 walikubali kumsaidia tena. Walioshukuriwa, asilimia 66. Watafiti walieleza kwamba asante iliwafanya wajione watu wa thamani kwa wengine. Matokeo nayaamini. Ila wanafunzi wale hawakuwa wanadai. Hakuna aliyebeba gunia la kilo 80 saa 9 usiku ambalo halikuandikwa daftarini. Ukimpa anayekudai asante kabla ya deni lake, anasikia unamwomba punguzo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina kifungu cha shukrani, ila inasema saa ya ziada isilipwe chini ya mara 1.5 ya mshahara wa msingi, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi iongezwe angalau asilimia 5. Karani hakulipwa hata hiyo. Bahasha ya 50,000 ilitolewa kama zawadi, si malipo ya saa hizo. Tulianza huko. Saa za karani zikahesabiwa, magunia 112 yakaingizwa daftarini kwa bei ya gunia na nyongeza ya usiku, mzee akarudishiwa vocha. Meneja aliuliza kama vocha ya shilingi elfu moja kweli inafaa kuandikiwa hati ya malipo. Nikamwambia iandikwe, tena isainiwe.

Baada ya malipo, siku mbili zikapita bila neno. Hilo nililitaka, ili fedha na shukrani visichanganywe kwenye sahani moja. Siku ya tatu, saa 4, makuli wakiwa kwenye chai na mihogo, meneja akatoka ofisini kwa miguu. Akaenda getini kwanza. Nilisikia "shikamoo mzee", na nilimwona mzee akichelewa kuitikia, kwa mshangao. Wakaja wote wawili uwanjani. Meneja akaketi kwenye gunia, akasema, "Usiku ule mimi nilikuwa nimezima simu. Sijui kilichotokea. Mzee, ulijuaje?"

Mzee alisimulia karibu nusu saa. Makuli walimkatiza kila mahali: kamba ya kwanza kukatika haikuwa ya upande wa barabara, ni ya upande wa choo, nani alianza kushika pembe, nani alipiga kelele kama mtoto radi ilipopiga. Karani alitoka kwenye mizani akaja kusahihisha idadi. Katikati ya masimulizi meneja alitoa simu aanze kurekodi, na mara watu wakakauka, mmoja akaanza kuongea Kiswahili cha redio. Karani akamtazama. Akairudisha mfukoni. Mazungumzo yalichukua muda kushika moto tena.

Kuhusu neno asante, nilisikiliza makusudi: lilisemwa mara moja, mwishoni, akiwa amesimama anajipangusa suruali. "Poleni sana kwa usiku ule. Asanteni." Kiongozi wa makuli akasema, "Tushapoa, bosi," wakarudi kwenye lori.

Aliyeangukia bega hakuwapo. Alishaacha kazi, amerudi kwao Tandahimba. Wenzake walimpelekea fungu lake, na waliniambia alilipokea, akalihesabu, akasema asante, akaingia ndani. Yake hiyo sijui niipime kwa mizani gani. Hakuna aliyemuuliza habari ya bega tangu Desemba hadi wenzake walipofika mlangoni kwake.

Mwezi wa Aprili nilipita tena. Ghala lilikuwa karibu tupu, linasubiri ufuta. Mvua mbili za usiku zilikuwa zimenyesha tangu niondoke; ya kwanza walikuja watu watano, ya pili wanne. Daftari la makuli limeongezwa safu ya "usiku" kwa kalamu nyekundu. Kwenye dirisha la chumba cha mizani nikaona pazia la bluu iliyokoza, nikalisogelea kutafuta maandishi.

"Usihangaike, mwanangu," karani akasema bila kuinua macho kwenye mizani. "Yapo ndani ya pindo. Nimeyashona mara mbili."